Kleanthe na Kreti Mbili za Fanta

Kleanthe alikuwa bondia kabla ya kuwa mwanafalsafa. Alitoka mji wa Aso, akavuka bahari, akafika Athene mikono mitupu, akajiunga na darasa la Zenoni wa Kitio, ambaye naye alikuwa mgeni katika mji ule. Mchana alisoma. Usiku alichota maji kisimani na kumwagilia bustani za wenyewe, na kazi hiyo ilipokwisha alikwenda kusaga unga kwa mama mmoja aliyeuza unga. Inasemekana hakuwa mwepesi wa kuelewa. Wenzake darasani walimwita punda.

Jovini Niyonkuru alisoma habari hizi mwezi wa Septemba mwaka 2015, katika ghala moja la South End, Louisville, wakati wa mapumziko ya nusu saa, huku akila viazi vya kuchemsha. Karatasi alipewa na mwalimu wake wa darasa la jioni, mama mmoja Mmarekani aliyewagawia wanafunzi wote mtu mmoja mmoja wa zamani, ili kila mtu asimame siku yake na kumweleza mtu wake mbele ya wenzake kwa dakika nane. Siku ya Jovini ilikuwa Jumanne ya pili ya Oktoba.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alisoma Kiingereza polepole, kidole kikifuata mstari, na alipofika panaposema kwamba Kleanthe hakuweza kununua karatasi, hivyo aliandika maneno ya mwalimu wake juu ya magamba ya chaza na mifupa ya mabega ya ng'ombe, aliacha kutafuna. Katika mfuko wa suruali yake mlikuwa na vipande vinne vya boksi vilivyoandikwa kwa kalamu ya bluu.

Sheria ya ghala ilikataza simu na vitabu kwenye mstari wa kazi. Haikutaja boksi, na isingeweza, kwa sababu ghala zima lilikuwa boksi tangu asubuhi hadi jioni. Jovini alichana bawa la boksi lililopasuka, akaandika maneno matano au kanuni moja ya hesabu, akalitia mfukoni, na kila alipopata nafasi kati ya mzigo na mzigo alilitazama. Kufikia Septemba vipande vilikuwa zaidi ya mia tatu. Alivitunza kwenye kabati lake la kazini, ndani ya gunia la mchele, kabati likiwa na kufuli.

Kufuli lilikuwa na sababu. Katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, mkoa wa Kigoma, Jovini alikuwa katekista, na watu wa kanisa walimwita Mwalimu, kama makatekista wote wanavyoitwa pande zile. Waliompa jina hilo walijua wanamaanisha nini. Waliokuja baadaye hawakujua. Wakadhani alifundisha shule. Mtu akimuuliza alifika kidato gani, Jovini alijibu kwamba vyeti viliungua Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji. Vyeti viliungua kweli mwaka ule, vya watu wengi. Vyake havikuungua kwa kuwa havikuwapo. Aliacha shule darasa la nne. Kwenye karatasi za safari ya Amerika alisema ukweli, na afisa aliandika miaka minne, akapiga muhuri. Kwa hiyo serikali ya Amerika ilijua. Mkewe, Veridiana, aliyemwoa kambini miaka thelathini na mmoja iliyopita, hakujua.

Alipoanza darasa la jioni alimwambia Veridiana kwamba Jumanne na Alhamisi ana kikao cha wazee wa jumuiya. Veridiana alimpigia pasi shati. Jovini alifunga tai, akapanda basi hadi Highview, akashuka mbele ya mstari wa maduka, akaingia mlango wa tatu. Ndani ya mlango huo kulikuwa na ngazi ya kupanda darasani. Upande wa kushoto wa ngazi kulikuwa na saluni ya Kavugho, mjane kutoka Butembo, msukaji nywele anayejulikana Louisville nzima. Kibao kilichokuwa juu ya mlango kilikuwa cha saluni. Darasa halikuwa na kibao.

Wanakwaya wawili waliokuwa wakitoka kazini walimwona kutoka dirishani mwa basi. Juma lililofuata walimwona tena. Mzee mwenye tai, mwenye upara, anaingia kwa mjane msukaji nywele. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

Simu kutoka Columbus ilikuja Jumatano. Liberati, kaka yake Veridiana, alikuwa anamwozesha mwanawe Eliezer kwa binti mmoja wa Kikongo wa Buffalo aitwaye Précieuse. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kuomba. Kwa desturi baba hamsemei mwanawe, na Liberati alikuwa amemchagua Jovini kuwa msemaji.

"Shemeji," Liberati alisema, "habari za Louisville?"

"Nzuri. Habari za Columbus?"

"Nzuri. Nasikia unasuka nywele siku hizi."

Jovini alihamishia simu sikio la pili.

"Zimeota lini?" Liberati aliuliza. "Nilipokuacha Pasaka kichwa kilikuwa kama yai."

"Maneno ya watu, shemeji."

"Maneno ya watu ndiyo yanayokwenda Buffalo kabla ya gari. Mtu mwenye nyumba mbili hasimami kumwombea mwanangu mke. Njooni Ijumaa mapema. Tutakula, halafu utanieleza."

Ijumaa asubuhi waliondoka Louisville kwa gari la Bonheur, mkwe wao, mume wa binti yao Angelika. Nyuma walipakia kreti sita za Fanta ya chupa za kioo, aina inayotoka Meksiko, kwa kuwa Fanta ya kopo haifai kwa sherehe ya kuomba. Jovini alikaa mbele, begi miguuni. Ndani ya begi alikuwa ametia gunia la mchele, kwani Jumanne ilikuwa karibu na alitaka kujiandaa. Veridiana alikaa nyuma na rozari. Hadi Cincinnati alikuwa hajasema neno.

Baada ya daraja la kuingilia mji huo alisema, "Kavugho anasuka vizuri?"

"Sijui," Jovini alisema.

"Hujui."

Bonheur alikaza macho barabarani. Haikumpasa mkwe kusikia mambo hayo, na gari halikuwa na mahali pa kutokea.

"Washa redio, baba," Veridiana alimwambia.

Jovini alitoa karatasi za Kleanthe akazisoma tena. Watu wa Athene walimwona mtu mwenye kifua kipana anashinda darasani mchana kutwa na haonekani kufanya kazi yoyote, wakaingiwa na mashaka. Anakula nini? Anaiba wapi? Wakamwita barazani ajieleze. Kleanthe alikuja na mashahidi wawili, mwenye bustani ambaye Kleanthe alimchotea maji, na mama muuza unga, nao wakasema yote. Baraza lilifurahi hata likataka kumpa zawadi, lakini mwalimu wake Zenoni akamkataza kuipokea. Mahali pengine palisema Kleanthe alikuwa na tabia ya kujigombeza peke yake. Mtu akamsikia akauliza, unamgombeza nani? Akajibu, mzee mmoja mwenye mvi asiye na akili.

Jovini aliona kwamba kesi ya Kleanthe ilikuwa rahisi. Baraza lilidhani ana aibu, na nyuma ya pazia kulikuwa na sifa. Yeye pazia lake lilikuwa na aibu mbele na aibu nyuma. Akikubali ya Kavugho, ni mzinzi. Akikana, ataulizwa alikuwa wapi.

Columbus walifika saa sita mchana. Liberati alikaa katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya chini, sebuleni makochi mawili na picha ya Bikira Maria. Walikula ugali na samaki. Baada ya kunawa mikono Liberati alimwambia Bonheur akaangalie upepo wa matairi, na Bonheur, ambaye alikuwa ameuangalia Louisville, akatoka haraka.

"Jumanne na Alhamisi," Liberati alisema. "Unakwenda wapi?"

"Kikaoni."

"Kikao kipi? Nimempigia mwenyekiti wa jumuiya yenu. Kasema kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hata hicho huwa unasinzia."

Veridiana alikuwa anatazama zulia.

"Nakuuliza kama ndugu," Liberati aliendelea. "Kama ni kweli sema, tutafute msemaji mwingine jioni hii hii. Kama si kweli, lete shahidi."

Jovini alilitazama begi lake kando ya mlango. Kisha akasema, "Mama Angelika, niletee begi."

Veridiana hakusogea. Jovini aliinuka akalichukua mwenyewe, akatoa gunia la mchele, akalimwaga katikati ya zulia.

Vipande vilitawanyika hadi miguuni pa Liberati. Alikiinua kimoja, akakigeuza. "Haya nini? Umeleta takataka za kazini?"

Veridiana aliinama akaokota kingine. Alijua kusoma. Kambini alikuwa amefundishwa na katekista. "Saba mara nane," alisoma, "hamsini na sita." Akaokota cha pili. "Saba mara tisa." Akamtazama mumewe. "Haya ya nani?"

"Yangu. Nasoma. Darasa liko juu ya saluni, mlango ni mmoja." Aliketi tena. "Nasomea cheti cha sekondari. Sina. Nilisoma madarasa manne. Sijawahi kufundisha shule. Nilifundisha katekisimu, basi."

Liberati aliangua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe shule! Shemeji, umetutia homa ya bure! Mzee mzima anajificha kama anakwenda kuvuta bangi, kumbe anakwenda kusoma saba mara nane!"

Veridiana hakucheka. Aliviweka vile vipande viwili juu ya meza, kimoja juu ya kingine, akavinyoosha kingo.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, "nimepiga pasi mashati ya mwalimu. Kambini makaa yalikuwa ya kutafuta kwa shida, wengine wanavaa mikunjo, mimi nasema hapana, mume wangu ni mwalimu."

"Mama Angelika."

"Kavugho ningemfuata saluni kwake nikamvuta nywele, ikaisha. Haya maboksi nitayavuta nini?" Alisimama. "Kuanzia leo jipigie pasi."

Akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Liberati alisogeza kiti. Sauti yake ilishuka. "Sasa sikiliza. Hili limekwisha, na limeishia hapa kwenye zulia. Kesho mbele ya Semahoro, baba wa binti, wewe ni Mwalimu. Nilimwambia kwa simu, msemaji wetu ni mwalimu, akafurahi sana. Binti anasomea uuguzi, baba yake anaheshimu shule kuliko ng'ombe. Ukisimama pale ukaanza mambo ya darasa la nne, atajiuliza ni nini kingine tumemdanganya. Mwanangu atakosa mke."

"Akiniuliza?"

"Hatakuuliza. Wakongo wanauliza mambo ya ukoo. Na akiuliza, jibu katekisimu kwa sauti ya chini, kisha omba maji ya kunywa."

Jovini alikusanya vipande vyake kimoja kimoja. Kuna kilichoingia chini ya kochi, ikabidi apige magoti.

Buffalo walifika Jumamosi saa saba mchana. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na wanawake walishika vilemba kwa mikono. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, viti vya kukunja vimepangwa pande mbili zikitazamana, katikati nafasi tupu. Upande wa wenyeji walikaa watu kama sitini. Semahoro, baba wa binti, mrefu na mwembamba, alikaa safu ya mbele na ndugu zake. Karibu na dirisha alikaa binti yake mkubwa, Nabintu, amempakata mtoto mchanga, na hakuwa na mtu pembeni yake.

Kreti sita ziliwekwa mlangoni. Hiyo ndiyo desturi. Wageni huja na vinywaji, lakini chupa hazifunguliwi mpaka wenyeji wamjue msemaji na kuridhika naye, kwa kuwa kitakachonywewa kinanywewa juu ya neno lake. Wasiporidhika, kreti zinarudi kwenye gari jinsi zilivyokuja, na posa inarudi nazo. Desturi hiyo hiyo inawaruhusu wenyeji kumtoza faini msemaji anayekosea.

Msemaji wa wenyeji aliitwa Polycarpe. Alikuwa na suti ya rangi ya udongo na sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Bon," alisema, kwa Kiswahili cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Tunaona watu ku mulango. Sisi hatujue ninyi ni nani. Mulipotea njia?"

Jovini alisimama. Shati lake lilikuwa na mikunjo miwili begani. "Hatukupotea, mzee wangu. Tumetoka Louisville na Columbus, tumefuata harufu nzuri ya nyumba hii."

"Harufu ya nini? Sisi tulipika maharagi tu."

Ukumbi ulicheka. Liberati alicheka zaidi ya wote.

"Hata maharagi," Jovini alisema, "yakipikwa na mikono ya nyumba hii, tumesikia yanasifiwa."

"Mikono ya nani? Hapa tuko na wabibi ishirini. Utachukua maharagi ama utachukua mupishi?"

Waliendelea hivyo kwa muda, kama inavyopaswa, na Jovini alijibu vizuri. Sauti haikutetemeka. Miaka ishirini ya kusimama mbele ya watu na katekisimu haikuwa bure, na Semahoro alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Eliezer, aliyeketi nyuma ya baba yake ndani ya suti mpya, alianza kupumua.

Polycarpe akainua mkono watu wanyamaze.

"Bon. Weye unasema muzuri. Lakini sisi, mbele ya kufungua chupa, tunapenda kujua mutu. Tuliambiwa munakuja na mwalimu. Ni weye?"

"Ndivyo ninavyoitwa."

"Donc, ulifundisha ku shule gani? Na masomo gani? Baba ya bibi-harusi anapenda kusikia."

Liberati alikohoa. Jibu lilikuwapo. Jovini angeweza kusema alifundisha dini kambini, Kigoma, miaka ishirini, na hakuna neno hata moja lingekuwa la uwongo. Chupa zingefunguliwa. Veridiana, safu ya pili, alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshachelewa.

"Hakuna shule," Jovini alisema. "Mimi si mwalimu wa shule. Niliitwa Mwalimu kwa sababu ya katekisimu, watu wakadhani ni shule, nami sikuwasahihisha. Nilisoma madarasa manne. Sasa nina miaka sitini na mitatu, nafanya kazi ghalani, na jioni nasoma. Mtihani wa hesabu nimeanguka mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Nabintu alilia kidogo akanyamaza.

"Kulikuwa na mtu Athene," Jovini aliendelea, na Liberati akafumba macho, "akiitwa Kleanthe. Alikuwa mwanafunzi mzito. Wenzake walimwita punda, akawajibu, sawa, ndiyo maana mimi peke yangu naweza kubeba mzigo wa mwalimu. Mwalimu wake alimfananisha na kibao kigumu. Ni shida kuandika juu yake, lakini kilichoandikwa hakifutiki. Miaka kumi na tisa alisoma hivyo huku akichota maji. Mwalimu alipokufa, wale wepesi wote walikuwapo, na darasa aliachiwa punda."

"Huyu Kleanthe," Polycarpe alisema, "yuko Murundi?"

"Hapana. Mgiriki."

"Bon. Niliona kichwa kigumu, nikafikiri Murundi."

Upande wa wenyeji walicheka, kisha wakakumbuka, wakamtazama Semahoro.

"Alipoulizwa na baraza anaishije," Jovini alimalizia, "alisema anavyoishi. Mmeniuliza, nami nimesema. Aliyewaambia kwamba mwalimu anakuja, alisema alichokijua. Hakudanganya yeye. Kijana tuliyekuja kumwombea hana habari ya jambo hili. Msimpime kwa jina langu."

Akakaa.

Semahoro aliinuka. Ndugu zake watatu waliinuka pia, na Polycarpe akawafuata. Waliingia jikoni, wakafunga mlango.

Kungoja kulichukua dakika ishirini. Wageni walikaa wakitazama kreti zao. Eliezer alikuwa ameinamisha kichwa, viwiko juu ya magoti. Bonheur alitoka kwenda kutazama gari, akarudi.

"Punda wewe," Liberati alisema, bila kugeuza shingo.

"Ndiyo," Jovini alisema.

"Usinijibu kwa Mgiriki wako. Nilikuambia uombe maji."

"Nilikuwa sina kiu."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Polycarpe alisimama katikati, na wengine wakarudi vitini.

"Baba ya bibi-harusi anauliza," alisema. "Kama leo ungesema uwongo, sisi tungejua namna gani?"

Jovini alisimama tena. "Msingejua."

"Hata kisha mwaka?"

"Labda hata kisha miaka kumi. Mke wangu imemchukua thelathini na mmoja."

"Na anasema nini, bibi yako?"

Watu waligeuka. Veridiana alikaa wima. "Anasema ajipigie pasi mwenyewe," alisema.

Sasa wanawake wa pande zote mbili walicheka, na kicheko kilichukua muda kwisha. Ndipo Semahoro alipofanya kitu ambacho baba wa binti hafanyi siku hiyo. Aliongea mwenyewe, akiwa amekaa, kwa sauti ya kawaida.

"Mwaka uliopita walikuja watu kuomba mukubwa wake," alisema, na hakumtazama Nabintu. "Walituletea injinia. Alikuwa na karatasi. Tulikunywa. Hakukuwa injinia, na hilo lilikuwa dogo kati ya yote ambayo hakukuwa. Hii mara nilisema, wakija na mutu wa cheo, nitauliza. Nimeuliza."

Akampa Polycarpe ishara.

"Donc!" Polycarpe alipiga makofi mara moja. "Posa tunasikiliza. Lakini musemaji anakatwa faini. Kreti mbili. Ya kwanza ni juu ya uwongo wa miaka yote ile. Ya pili ni juu ya Mugiriki, mwenye aliingia hapa bila kualikwa. Na zikuwe za chupa, si za kopo!"

Bonheur na Eliezer waliondoka na gari. Iliwachukua saa nzima kuzunguka maduka ya Buffalo mpaka wakapata Fanta ya kioo, na katika saa hiyo Jovini alipewa kiti cha mbele na sahani ya maharagi, na mzee mmoja wa wenyeji akaja kumuuliza darasa hilo la Highview linachukua watu wa umri gani. Kreti mbili zilipofika ziliwekwa juu ya zile sita. Semahoro alifungua chupa ya kwanza, akanywa, akampa Jovini. Précieuse akaingizwa na shangazi zake. Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda.

Kurudi, Veridiana alilala tangu Erie hadi karibu na Columbus. Alipoamka aliuliza kama kipande cha saba mara nane kilirudishwa guniani. Jovini alisema ndiyo.

Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Jovini alikunjua meza ya pasi jikoni. Hakuwahi kushika pasi maishani. Alianza na mgongo wa shati, akahamia mkono, mgongo ukajikunja upya. Aliweka pasi juu ya kola akaisahau kidogo huku akirudia mstari wa kwanza wa maelezo yake kwa Kiingereza, mpaka harufu ikamwamsha. Kwenye kola palibaki alama ya kahawia, ndogo kama ukucha. Alianza kusema peke yake, kwa Kirundi, maneno ambayo hayaandikwi.

Veridiana alikuwa mlangoni na bakuli la mchele.

"Unamgombeza nani?"

Jovini aliitazama alama. "Mzee mmoja," alisema. "Mvi anazo, akili hana."

"Mvi ziko wapi? Upara mtupu."

Aliketi mezani, akaanza kuchambua mchele. Hakuinuka kumsaidia. Baada ya muda, bila kuinua macho, alisema, "Kola kwanza. Halafu mikono. Mgongo mwisho, utafunikwa na koti."

Jovini aligeuza shati na kuanza upya. Basi la saa kumi na moja lilipita. La pili lilikuwa saa kumi na moja na nusu, na hilo alilipata.